Bonde la mtaani Tanga kuwa bustani ya watu wote: mwongozo kamili, kuanzia maji mpaka mabenchi

Nianze na kitu ambacho wengi hawapendi kukisikia: bonde lenye maji likigeuzwa bustani linatakiwa libaki na maji. Ukiitisha kikao mtaani, uwe Makorora, Mwanzange au Duga, ukasema jamani hili bonde tulifanye sehemu ya kupumzikia, wa kwanza kunyoosha mkono atasema tulijaze kifusi kwanza, halafu pevingi, halafu mabenchi, halafu ile mashine ya kurusha maji juu. Mkifanya hivo masika ya kwanza tu maji yaliyokuwa yanalala bondeni yatahamia sebuleni kwa watu, manake mvua haina habari kwamba nyie mmeshasawazisha. Bustani kama Jamhuri au Uhuru Park ni nzuri lkn zile ziko kwenye ardhi kavu, huwezi kuchukua ramani yake ukaibandika bondeni. Huku bondeni unaanza na maji, watu wanapangwa pembeni yake, benchi ni kitu cha mwisho kabisa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kamati za mitaa, vikundi vya vijana, na yeyote anayepita kila siku kwenye dimbwi lenye matete na mifuko ya plastiki akawaza hapa pangeweza kuwa pazuri. Ni mrefu, vumilia.

Hatua ya 1: yajue maji kabla hujamjua mkandarasi

Maji ya bonde yanatoka sehemu nne: mvua na mitaro ya barabarani, maji ya ardhini yanayopanda yenyewe, bahari, na mabafu na vyoo vya watu. Mara nyingi ni mchanganyiko. Hapa Tanga ya bahari ndo inasahaulika sana, unakuta bonde liko nyuma ya nyumba huko ndani watu wanasema hili ni la mvua tu, kumbe lina kimkondo kinaenda taratibu mpaka kwenye mikoko. Kupima hakuhitaji mtaalamu. Subiri siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, chomeka mti wenye alama kwenye maji, usome bahari ikijaa na usome ikipwa (maji ya bondeni yanachelewa kidogo, usikimbilie kuondoka). Yakipanda na kushuka hata vidole vinne basi hilo bonde lina mkono wa bahari. Angalia na mimea: ukiona mchu, mkandaa (hizo ni aina za mikoko) na matundu ya kaa hapo ni chumvi, ukiona mafunjo na mayungiyungi hapo ni maji baridi. Matete peke yake yasikudanganye, yanavumilia chumvi kiasi.

Kwanini ujisumbue? Kwa sababu kila kitu kinachofuata kinategemea hapo, kuanzia miti ya kupanda, mbu utakaopambana nao, mpaka ofisi ya kuiomba kibali.

Halafu fuatilia msimu mzima, ikiwezekana masika na vuli zote mbili. Simamisha nguzo kadhaa ndani ya bonde, piga rangi alama kila sentimita 10, tafuta mtu mmoja anayekaa jirani awe anasoma na kuandika kwenye daftari baada ya kila mvua kubwa. Mwanafunzi wa sekondari anaifanya vizuri kuliko mtu mzima, nimeona hivo mara nyingi. Wakati huohuo zungukia wazee, waulize mwaka ule wa mafuriko maji yalifika wapi, wakuoneshe ukutani kwa kidole, piga mstari wa chokaa palepale. Ukishapata mistari ya chokaa kwenye nyumba kama kumi kuzunguka bonde una ramani ya mafuriko iliyo bora kuliko nyingi za kulipiwa. Ongezea picha za zamani za Google Earth, unarudisha miaka nyuma unaona bonde lilikuwa na ukubwa gani na limeliwa upande upi.

Kitu cha kukiandika kwa wino mwekundu: mafuriko mabaya ya pwani ni ile mvua kubwa inayoangukia saa za bamvua. Mdomo wa karavati (lile bomba la maji linalopita chini ya barabara) umezibwa na bahari, maji ya mtaani hayana pa kutokea kwa masaa, yanajaa tu. Kwa hiyo daftari la nguzo liwe na safu ya tarehe ya mwezi mwandamo, wengi wanaiacha halafu wanashindwa kuelewa kwanini mvua ileile wiki hii imeleta shida na wiki ile haikuleta.

Hatua ya 2: hesabu moja tu, lkn uifanye

Usiogope. Pima eneo ambalo mvua yake inateremkia bondeni, mapaa, barabara na viwanja. Tuseme ni hekta 20. Mvua ya milimita 50 kwa siku moja, ambayo masika huku kwetu si ajabu, ikianguka kwenye hekta 20 ni mita za ujazo 10,000. Siyo yote inakimbia, nyingine inazama kwenye mchanga, chukua asilimia 60 kwa mtaa uliojengeka, unabaki na 6,000. Sasa bonde lenu ni hekta 2, ili libebe maji hayo yote linatakiwa lipande sentimita 30 kila mahali. Basi hiyo 30 ndo nafasi ambayo hakuna mtu anaruhusiwa kuigusa, si kwa kifusi si kwa kibanda. Mita za ujazo 6,000 ni maboza 600 ya lita elfu kumi, kwa anayetaka picha. Ukiwa kwenye kikao na jamaa anakwambia tujaze nusu tu, mpe hesabu hii, muulize hayo maboza 300 tuyapeleke kwa nani.

Hatua ya 3: ardhi ni ya nani na nani anatakiwa kukubali

Hapa ndo miradi inakofia, siyo kwenye udongo.

Kisheria mabonde ya namna hii yana ulinzi tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ufukwe, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaruhusu ardhi oevu na maeneo ya mikoko kutangazwa ardhi hatarishi. Hiyo ni karatasi. Mtaani unakuta mtu ana kibanda mita tano kutoka kwenye maji, ana karatasi ya mauziano imegongwa muhuri, kalipa hela yake halali, hajaiba. Usimwendee na kifungu cha 57 mkononi. Mwendee na mwenyekiti wa mtaa na wazee, mkae, msikilize alipatapataje hapo. Kama mchoro unamgusa basi jambo la fidia lianze mapema kabisa kwa mthamini aliyesajiliwa, na kama haumgusi muandikie hivo, alale usingizi. Mi naona mara nyingi mchoro mzuri unaweza kuwakwepa watu wengi, ni uvivu tu wa mchoraji.

Ofisi za kupitia ni hizi. Mtaa kwanza, mkutano mkuu wa wananchi wenye muhtasari uliosainiwa, usiende popote bila huo. Kata, mtendaji na diwani. Halmashauri ya jiji kuna watu watatu utakaowahitaji, afisa mipangomiji, afisa mazingira na mpima ardhi. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndo wanaoamua mradi wenu unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira ya kiwango gani, na ukishagusa njia ya maji usidhani utawakwepa. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, jina lisikuchanganye, wao ndo wanasimamia hadi Mto Zigi na Umba, kwa hiyo ukitaka kuchimba bwawa au kugeuza mkondo ni wao. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama mtaro wa barabara unaingia bondeni. Na kama kuna mikoko hata kumi, TFS, wakala wa misitu, manake mikoko ni msitu wa hifadhi, tawi moja ukikata bila kibali umekosea.

Lkn la muhimu kuliko vibali vyote: hakikisheni eneo limechorwa kwenye mchoro wa mipangomiji kama eneo la wazi, limepimwa, bikoni (mawe ya mpaka) zimezamishwa na zinaonekana. Nchi hii viwanja vya wazi vinaliwa mchana kweupe, na kinachoanza kuliwa ni kile ambacho mipaka yake iko kwenye vichwa vya watu tu. Bikoni zikishawekwa, pandeni mstari wa minazi au mikindu juu ya mpaka wote. Bikoni inang'olewa usiku mmoja, mstari wa miti mia kila mtu ataona umekatwa.

Hatua ya 4: waliopo bondeni saivi

Bonde la mjini haliko wazi hata siku moja. Kuna mama anayelima mchicha na matembele, kuna anayekata ukindu wa kusukia mikeka, vijana wana uwanja wao wa mpira kiangazi, kuna waosha pikipiki, kuna mwenye ng'ombe wawili watatu, kuna wafyatua tofali. Miradi mingi inawaita hawa wavamizi, inawafukuza, inaweka fensi, inaajiri mlinzi. Mwaka haujaisha mlinzi hajalipwa, fensi imeuzwa chuma chakavu.

Mi nashauri muanze nao. Mama wa mchicha anajua bonde kuliko injinia yeyote, anajua wapi pana chumvi, wapi pana chemchemi, wapi panazama. Mpe kitalu cha miche akizalishe, umlipe kwa mche uliopona siyo kwa mche uliooteshwa. Wasusi wa mikeka wapewe mikindu yao, mkindu unapenda ukingo wa maji, hauharibiki ukivunwa kwa ustaarabu, na kesho mtu akija kuukata wote usiku wao ndo watapiga kelele kabla ya afisa yeyote. Wapira wabaki na uwanja wao, nitakuja hapo chini kueleza unakaa wapi. Waosha pikipiki hao hapana, mafuta na sabuni vinaua kila kitu, lkn watafutieni sehemu nyingine yenye shimo la kuchuja kabla hamjawatoa, siyo baada.

Kikao usifanye kimoja tu cha asubuhi Jumamosi, kinamama wengi wako sokoni au jikoni. Nenda barazani jioni kwenye kahawa, nenda kwenye vikoba, nenda baada ya Ijumaa, nenda na kanisani Jumapili. Swali la kuuliza siyo mnataka bustani ya aina gani, watu watakutajia walichoona kwenye simu. Uliza mnapita wapi kwenda shule, mnaogopa wapi saa moja usiku, watoto wanacheza wapi, harusi mnafanyia wapi. Majibu ya hapo ndo mchoro wenyewe.

Hatua ya 5: uchafu uzuiwe kabla haujaingia

Hapa nitakaa kidogo.

Kuna uchafu wa aina tatu na kila mmoja una mlango wake. Wa kwanza ni mchanga na tope la barabarani. Mtaro unapoingia bondeni chimba bwawa dogo la kutulizia, refu kuliko upana, maji yapunguze mwendo mchanga ukae chini. Sakafu yake iwe ya mawe au zege ili kijiko (ile mashine ya kuchimbia) kikija kuchota kijue pa kuishia, na lazima, narudia lazima, acheni njia ya kijiko na lori kulifikia. Nimeona bwawa la namna hii limezungukwa na maua mazuri pande zote, hakuna gari inayoweza kufika, likajaa mchanga likawa bustani ya magugu.

Wa pili ni taka ngumu, chupa na mifuko na nepi. Weka chujio la nondo kwenye mdomo wa mtaro, nafasi kama sentimita 10 kati ya nondo na nondo, lilale kwa mshazari ili mtu aweze kukokota taka na reki akiwa amesimama juu pakavu. Chujio lisiposafishwa ni bora lisiwepo, manake likiziba mvua ya usiku inageuza maji kwenda kwa watu. Kwa hiyo chujio linakuja na jina la mtu, namba ya simu, na posho yake. Na juu ya chujio acha mwanya, maji yakizidi yapite juu.

Wa tatu ndo mgumu, vyoo. Sehemu kubwa ya mji wetu inatumia mashimo, na kila mtu anajua mvua kubwa ikinyesha kuna watu wanatapisha. Matete yanasaidia kusafisha maji machafu ya kuogea na kufulia, yanasaidia sana tu, lkn msidanganyane kwamba yatameza kinyesi kibichi cha mtaa mzima. Orodhesheni vyoo vinavyovuja vya nyumba zilizopakana na bonde, fanyeni mpango na gari la maji taka kupunguza bei kwa nyumba nyingi kwa siku moja, na bwana afya apite kabla ya masika siyo wakati wa kipindupindu. Maji yakiendelea kunuka hakuna benchi litakalokaliwa.

Hatua ya 6: kuchora, kanda tatu

Gawa bonde kwa kiwango cha maji, siyo kwa urembo. Katikati, pale ambapo maji yapo mwaka mzima, ni pa maji na ndege na samaki. Kanda ya kati ni ile inayojaa masika na kukauka kiangazi, hapo ndo uwanja wa mpira na nyasi za kukalia, ikijaa maji siku chache hakuna kinachoharibika. Kanda ya juu, juu ya ile mistari ya chokaa, ndo mabenchi, choo, taa, wauza kahawa na madafu, kivuli cha uhakika.

Singapore walifanya hivi kwenye bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, kulikuwa na mfereji wa zege wa kilomita 2.7, wakauvunja, wakaurudisha kuwa mto wenye kona na nyasi wa kilomita 3.2, ikafunguliwa 2012. Siku ya kawaida watu wanatembea hadi kwenye maji, mvua ikija mto unapanda juu ya nyasi na watu wanapanda juu ya kingo. Kwetu hela ya Singapore hatuna lkn kanuni hiyo haina gharama, ni kuamua tu maji yakae wapi.

Vipimo vya kushika. Kingo ziwe za mteremko mpole, mita moja chini kwa mita nne mbele, mtoto akitumbukia atoke mwenyewe. Njia kuu iwe na upana wa mita 2 angalau, huu ni mji wa baiskeli na baiskeli zitapita hata ukiweka kibao cha kukataza, afadhali uzipangie. Mteremko wa kiti cha magurudumu usizidi sentimita 1 kwa kila 12. Njia inayokatiza kanda ya kati iinuliwe kidogo na iwekewe matobo ya maji kupita chini, usijenge tuta zima ukagawa bonde mabwawa mawili. Daraja la kutembelea juu ya maji ni zuri sana, lkn nguzo za mikoko hapana, tumia za mikaratusi zilizotiwa dawa au zege, na mbao za juu zifungwe kwa bolti ili moja ikioza ibadilishwe moja.

Kuhusu usalama wa kinamama na mabinti kuna kanuni ya bustani inayofanya kazi: vichaka visizidi urefu wa goti hadi kiunoni kando ya njia, matawi ya miti yaanzie juu ya kichwa, hapo katikati macho yanapita kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila njia itokee mahali, isiwepo inayoishia gizani. Taa za sola ziwekwe kwenye njia ambazo watu tayari wanazipita usiku, siyo kuzunguka maua.

Hatua ya 7: kuchimba

Fupi. Chimba Januari na Februari, kaskazi, ardhi imekauka, umalize kabla ya mvua za Machi. Udongo wa juu wenye mizizi na mbegu utenge, urudishe baadae, ni kitalu cha bure. Usichimbe kwenda chini sana ukatoboa ule udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, bwawa litavuja na hutalipata tena. Kwenye bonde la chumvi, tope jeusi linalonuka kama mayai viza usilianike, likikauka linatengeneza tindikali na hakuna kitakachoota hapo, liache chini ya maji. Na mkataba useme udongo unaobaki unapelekwa wapi, la sivyo utamwagwa kwenye bonde la mtaa wa pili.

Hatua ya 8: kupanda

Kwenye maji baridi: mafunjo na matete sehemu za kusafishia, mayungiyungi katikati, ndago kingoni, kisha mikindu na mtomondo ukingoni ambapo miguu inalowa, mzambarau juu kidogo, mkungu na mkwaju kwenye kanda kavu kwa kivuli. Mikaratusi usipande, itakunywa maji yote. Gugumaji hata lile moja zuri lenye ua la zambarau usilete, ndani ya muda mfupi hutaona maji.

Kwenye chumvi, tafadhali, msikimbilie kuchomeka mikoko elfu siku ya mgeni rasmi. Mara nyingi mikoko imekufa kwa sababu mkondo umezibwa, kuna barabara au tuta, maji ya bahari hayaingii tena. Fungua mkondo kwanza, weka karavati kubwa la kutosha, halafu subiri uone, mbegu zinaletwa na maji yenyewe zinaota zenyewe. Ukilazimika kupanda, kila aina ina kanda yake: mlilana mbele baharini, mkoko nyuma yake, mkandaa juu zaidi, mchu unavumilia sehemu nyingi hasa nyuma kwenye chumvi kali. Kuchomeka mkoko kwenye mchanga wa mbele kabisa ni kuupa mawimbi zawadi.

Mombasa pale Bamburi, mtaalamu wa kilimo wa Kiswisi René Haller alianza 1971 kuotesha miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, akajaribu aina nyingi, zikashika chache sana, mivinje ndo ikaongoza. Nyie pia jaribuni kipande kidogo msimu mmoja kabla ya kununua miche ya eneo lote. Pandeni mvua za mwanzo wa masika, na mtu wa kumwagilia kiangazi cha kwanza awe ameshapatikana siku ya kupanda.

Hatua ya 9: mbu, kichocho na hofu nyingine

Swali hili litaulizwa kila kikao, na lina haki. Mbu wa malaria wanapenda vidimbwi vidogo vya jua, alama za kwato, njia za matairi. Mbu wale wa usiku wanaoleta matende na busha, ugonjwa ambao pwani yetu tunaujua vizuri, wanapenda maji machafu na mashimo ya vyoo. Kwa hiyo bonde la saivi, lenye taka na vidimbwi, ndo kiwanda. Bwawa lenye kingo safi, maji yanayotembea, na samaki wa kula viluwiluwi lina mbu wachache. Perege wanatosha, na wale samaki wadogo wa mabwawa ya msimu, msilete samaki wa nje. Sawazisha kila kidimbwi kando ya bwawa, mara moja kwa wiki mtu azunguke na koleo, manake mbu anatoka yai hadi kuruka ndani ya wiki moja na kidogo. Sehemu korofi kuna dawa ya viluwiluwi ya kibaiolojia inayotengenezwa kiwandani Kibaha, afisa afya wa jiji ataelekeza.

Kichocho ndo mi kinanitia wasiwasi kuliko mbu, kwa sababu watoto hawatasikia mbu wala nini, wataogelea. Konokono wa kichocho wanakaa kwenye maji baridi yaliyotulia yenye majani, na ugonjwa unaenea kwa mkojo unaoingia majini. Choo kiwepo karibu, safi, bure kwa watoto. Weka reli kwenye madaraja, panda ndago nene pale watoto wanapopenda kushukia, na mkiweza jengeni sehemu ya kuchezea maji ya bomba, hata bomba moja linalochuruzika kwenye sakafu ya zege, watoto wataacha bwawa wenyewe. Bomba hilohilo watu watachukulia udhu.

Hatua ya 10: hela, na nani anashika funguo

Mwaka wa serikali unaanza 1 Julai, bajeti inapikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo muhtasari wa mtaa ufike kata mwishoni mwa mwaka ili uwemo. Kitalu, usafi wa mitaro na vibanda vinaweza kufanywa na vikundi vinavyokopa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Utaalamu wa kuchora uombwe vyuoni, na jiji letu lina urafiki na mji wa Eckernförde wa Ujerumani tangu 1963, kuuliza si ujinga yakhe. Wahisani watatoa hela ya kujenga, karibu hakuna anayetoa ya kufagia. Kwa hiyo kabla ya jiwe la msingi pigeni hesabu ya matunzo ya mwaka mzima, mseme itatoka wapi: ushuru wa vibanda, choo cha watu wazima, harusi na shughuli za jioni, maegesho. Isipotosha, punguzeni mchoro. Bustani ndogo inayofagiliwa inashinda kubwa iliyoachwa.

Daftari la kazi liwe hivi: kila baada ya mvua, chujio. Kila wiki, vidimbwi na taka. Kila kiangazi, kijiko kwenye bwawa la tope. Mara moja kwa mwaka kata matete, lkn nusu tu, nusu nyingine mwaka ujao ili ndege wasikose pa kulala, na matete yaliyokatwa yatoke bondeni, yakiozea majini uchafu wote mliouchuja unarudi palepale. Wasusi na wajenzi wa mabanda watayachukua.

Masika ya kwanza baada ya kufungua, nguzo zile za sentimita zibaki na daftari liendelee. Maji yakifika kwenye benchi, hamisha benchi. Yakirudi nyuma ya karavati siku ya bamvua, muite mtu wa TARURA aje aone kwa macho yake maji yakiwa palepale, siyo wiki ijayo pameshakauka.